Wati 310, wati 190, wati 275: unashika ipi?

"Kaka, nimefeli tena." Ujumbe huo ulikuja na picha ya skrini ya kompyuta ya baiskeli. Aliyenitumia ni rafiki yangu aliyenunua pawamita, kifaa cha kupima wati anazotoa mpanda baiskeli, miezi michache iliyopita, na tangu ainunue amani imemtoka. Kocha wake alikuwa amempangia intavali, yaani vipindi vya kukaza vinavyotenganishwa na vipindi vya kulegeza: vitano vya dakika nne nne, kila kimoja kwa wati 250. Barabarani namba zikamrukia kama panzi: 310, 190, 275, 228, kisha 301. Alipofungua rekodi baadaye, wastani wa safari nzima ya saa moja ulisomeka 163, na kipindi cha nne, ambacho anaapa alikikaza sawa na vingine, kimeandikwa 229.

Swali lake lilikuwa hili: niliambiwa 250, kompyuta inasema 163, sasa wati 87 zimekwenda wapi?

Hazijaenda popote. (Ile 229 ina kisa chake, nitaifikia.) Tangu vifaa hivi vilipoacha kuwa vya mabingwa peke yao, maswali ya namna hii nayasikia kila wapanda baiskeli wanapokutana, na karibu yote yana mzizi mmoja. Tunadhani skrini inatuonyesha kitu kimoja kiitwacho wati. Kumbe kila namba iliyo pale ni wastani wa muda fulani, uwe sekunde moja au saa nzima, na asiyejua ni wastani wa muda gani hawezi kujua ameambiwa nini.

Neno "nguvu" linavyotuponza

Tuanze na lugha, maana nayo inachangia. Kwa Kiswahili cha kila siku, anayesukuma mlango uliokwama ana nguvu, anayetembea kutwa bila kuchoka ana nguvu, na anayepanda ngazi mbio ana nguvu. Neno moja, mambo matatu. Fizikia huyatenganisha. Msukumo wenyewe, ule unaoubana mlango, huitwa kani. Jumla ya kazi uliyoifanya mpaka mwisho ni nishati, na hupimwa kwa jouli. Nguvu, kwa maana ya fizikia, ni jinsi unavyoifanya kazi hiyo haraka au polepole. Kipimo chake ni wati, kwa heshima ya James Watt, yule mhandisi wa Uskoti aliyeboresha injini za mvuke, na wati moja ni jouli moja kila sekunde.

Fikiria bomba na ndoo. Kiasi ulichofungua bomba ndicho wati. Maji yaliyokusanyika kwenye ndoo ndiyo jouli. Ndoo inaweza kujaa kwa bomba lililofunguliwa kidogo kwa muda mrefu, au kwa bomba lililofunguliwa lote kwa muda mfupi. Ukiitazama ndoo iliyojaa huwezi kujua bomba lilikuwaje.

Mfano wa mwili: mtu wa kilo 70 akipanda ngazi za ghorofa moja, mita tatu kwenda juu, kwa sekunde 10, anatoa takriban wati 206 kuuinua mwili wake tu. Akipanda ngazi zile zile kwa sekunde 20, wati zinapungua nusu, 103. Kazi ni ile ile, mwili ni ule ule, na juu amefika. Kilichobadilika ni muda.

Kwenye baiskeli, wati huzaliwa na mambo mawili yanayozidishana: unavyokandamiza pedeli, na unavyozizungusha haraka. Chukua wati 200. Ukizungusha mara 90 kwa dakika, kwa mkono wa pedeli wenye urefu wa milimita 170, wastani wa kani inayozungusha ni kama uzito wa kilo 13 hivi. Ukishuka hadi mizunguko 60 kwa dakika kwa wati hizo hizo, inabidi ukandamize kama uzito wa kilo 19. Skrini itasema 200 mara zote mbili, ila mapaja yatakwambia habari mbili tofauti. Ndiyo maana naona ni kosa kutazama wati bila kuwa na namba ya mizunguko karibu yake.

Kwa nini usitumie kasi au moyo?

Kasi ni shahidi mbaya wa juhudi. Upepo wa uso unaikata, mteremko unaipamba, na hata kukaa nyuma ya mwenzako kunaiongeza bila jasho lolote. Zaidi ya hapo, hewa haitozi gharama yake kwa usawa. Nguvu inayohitajika kuipasua hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi. Kutoka kilomita 30 kwa saa hadi 40 umeongeza theluthi moja tu ya kasi, lakini wati za kupambana na hewa zimekuwa karibu mara 2.4 ya zile za mwanzo. Anayefanya vipindi kwa kufuata kasi anapangiwa mazoezi na upepo.

Mapigo ya moyo nayo ni ya kweli, ila huchelewa. Ukianza kukaza, moyo huanza kupanda, na huchukua nusu dakika, dakika moja, pengine mbili, kabla haujafikia kiwango kinacholingana na kazi unayoifanya. Kwa kipindi cha dakika ishirini si neno. Kwa kipindi cha sekunde thelathini, moyo unafika sherehe imekwisha. Tena ukiendelea kwa wati zile zile kwa muda mrefu, hasa kwenye joto, moyo huendelea kupanda taratibu ingawa kazi haijaongezeka.

Hii haimaanishi mkanda wa kupimia mapigo ya moyo utupwe. Wati zinasema umefanya nini, na moyo unasema mwili umelipokeaje jambo hilo. Siku ambayo wati 200 zinakuja na mapigo kumi zaidi ya kawaida, kuna kitu: usingizi, joto, maji machache mwilini, homa inayonyemelea. Kifaa kimoja peke yake kisingekuonyesha hilo.

Anayepima si kompyuta

Wengi huilaumu kompyuta kwa dhambi zisizo zake. Kompyuta iliyofungwa kwenye usukani haipimi wati hata moja. Inapokea tu, kwa mawimbi ya redio, namba zinazotumwa na pawamita, halafu inazionyesha na kuziandika. Pawamita yenyewe iko kwingine: ndani ya pedeli, kwenye mkono wa pedeli, kwenye kitovu kinachoshika meno ya mbele, au kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma. Mjerumani Ulrich Schoberer alianza kutengeneza za kufungwa kwenye baiskeli mwaka 1986, na kampuni yake, SRM, bado ina jina kubwa katika fani hii.

Siri yake ni chuma kinachopinda. Ukikandamiza pedeli, chuma kinapinda kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Juu ya chuma hicho kumegandishwa nyaya nyembamba mno, na nyaya hizo zikivutwa, ukinzani wake wa umeme hubadilika. Kutokana na badiliko hilo kifaa kinajua kani, kinaijumuisha na mzunguko, na wati zinapatikana.

Hapo ndipo chanzo cha utata mmoja kilipo. Chuma hutanuka na kusinyaa kwa joto na baridi, kwa hiyo hata bila mguu wowote juu yake kifaa kinaweza kudhani kinakandamizwa. Ndiyo sababu kuna ile amri ya kusawazisha sifuri. Baiskeli ikishazoea hewa ya nje, miguu ikiwa chini, unaiambia kompyuta: sasa hivi hakuna anayekandamiza, hapa ndipo sifuri ilipo. Ni kazi ya sekunde kadhaa. Anayetoa baiskeli kwenye chumba chenye joto hadi baridi ya asubuhi bila kufanya hivyo asishangae wati zikipanda au kushuka bila sababu.

Nyingine ni hizi pawamita za mguu mmoja, ambazo huwa nafuu. Zinapima mguu wa kushoto kisha zinazidisha kwa mbili. Ukiwa na miguu inayosaidiana sawa, hesabu inakubali. Mguu wa kushoto ukifanya asilimia 48 ya kazi, na hilo ni jambo la kawaida kabisa, wati 250 za kweli zitaonekana kama 240. Hilo halina madhara makubwa mradi utumie kifaa hicho hicho kila siku, kwa sababu unajilinganisha na wewe wa jana. Balaa huanza pale mtu anapopima kiwango chake kwa kifaa kimoja, akafanya mazoezi kwa kingine. Hata vifaa vizuri vinavyodai kukosea kwa asilimia mbili tu, kwenye wati 250 hiyo ni wati tano juu au tano chini. Viwili kati yao vinaweza kutofautiana kwa wati kumi na vyote viwili vikawa vinasema kweli kwa kadiri ya ahadi yake.

Na zile "wati" zinazotolewa na programu za simu bila pawamita yoyote? Hizo ni makisio yanayopigwa kutokana na uzito, kasi na mwinuko. Kwenye mlima mkali usio na upepo hukaribia. Kwenye tambarare yenye upepo ni ramli.

Kwa nini namba inarukaruka

Sasa turudi kwa panzi. Mguu hausukumi kwa usawa: pedeli ikishuka mbele kani ni kubwa, ikifika juu kabisa au chini kabisa karibu hakuna. Pia barabara inapanda kidogo, inashuka kidogo, upepo unasukuma, wewe unabadilisha gia, unakata kona. Namba ya sekunde moja hubeba mikwaruzo hiyo yote. Ukimwona mtu anaendesha kwa kuikimbiza namba ya sekunde moja, utamjua: anakanyaga, anaachia, anakanyaga, kama dereva anayejifunza.

Watengenezaji wa kompyuta wanalijua hilo, kwa hiyo wanakupa chaguo la kuonyesha wastani wa sekunde 3, sekunde 10 au sekunde 30 zilizopita. Kadiri muda unavyorefuka ndivyo namba inavyotulia. Lakini utulivu huo una gharama: namba inakuwa ya zamani. Tuseme ulikuwa ukipumzika kwa wati 100, kisha ukaanza kipindi kwa wati 300 barabara. Baada ya sekunde 10, wastani wa sekunde 3 unasema 300, na ni kweli. Wastani wa sekunde 30 unasema 167, kwa sababu sekunde 20 kati ya zile zinazohesabiwa bado ni za mapumziko. Ukiiamini hiyo 167 utaongeza, na kuongeza, mpaka dakika ya pili miguu iwe imekwisha.

Kwa vipindi vya dakika tatu hadi nane, sekunde 3 zinanitosha. Kwa kipindi kirefu cha dakika ishirini kwenye mlima, sekunde 10 hutuliza macho. Sekunde 30 sijawahi kuziona zikimfaa mtu katikati ya kipindi.

Kitufe ambacho watu hawakigusi

Namba muhimu kuliko zote kwa mazoezi haya haipo mpaka uibonyeze. Ni wastani wa raundi. Unapobonyeza kitufe cha raundi mwanzoni mwa kipindi, kompyuta inaanza hesabu mpya. Ukibonyeza tena mwishoni, inaifunga. Hivyo kila kipindi kinapata wastani wake, hakichanganywi na mapumziko wala na safari ya kurudi.

Hapo ndipo 87 za rafiki yangu zilipojificha. Vipindi vyake vitano vya dakika nne ni dakika 20 kwa wati 250 hivi. Dakika 40 zilizobaki, kupasha mwili, kupumzika, kurudi, alikwenda kwa wati 120 kwa wastani. Piga hesabu: 20 mara 250 jumlisha 40 mara 120, gawanya kwa 60, unapata 163. Rekodi yake haikuonyesha kufeli. Ilionyesha mtu aliyepumzika vizuri pale alipotakiwa kupumzika.

Lakini wastani wa raundi nao ni mjanja, usiulalie mlango wazi. Mwanzoni mwa kipindi unaruka kwa urahisi kwa sababu umebeba sekunde chache. Mwishoni unakuwa mzito kama gogo. Uko kwenye dakika tatu na nusu ya kipindi cha dakika nne, wastani unasoma 240, lengo ni 250. Ili uufikishe 250 kwa sekunde 30 zilizobaki, inabidi uendeshe kwa wati 320. Watu hufanya hivyo, rekodi inapendeza, na kipindi kinachofuata kinalipa deni. Ushauri wangu ni kuiacha 240 ibaki 240.

Kinyume chake pia hutokea. Anza kwa pupa, wati 350 kwa sekunde 30 za kwanza, kisha dakika tatu na nusu zilizobaki uburuzike kwa 236. Wastani: 250, bila kasoro. Kocha anayesoma namba hiyo tu atakupongeza. Wapo makocha wanaoagiza mwanzo mkali kwa makusudi, ili mwili ufike haraka kwenye kiwango cha juu cha kutumia oksijeni, na wana hoja. Ila tofauti ya kuamua na kuteleza ni kubwa, na wastani hauwezi kukuonyesha ipi ilikuwa ipi. Mchoro wa rekodi utakuonyesha.

Kwa hiyo skrini yangu ya intavali ina namba nne tu: wastani wa sekunde 3, wastani wa raundi, muda wa raundi, na mizunguko kwa dakika. Ya kwanza ndiyo usukani: inaniambia nifanye nini sasa. Ya pili ni karani, anayeandika nilichokwisha fanya. Mapigo ya moyo nayaweka ukurasa wa pili, maana nikiwa nimekaza hayanisaidii kuamua lolote.

Vipindi vifupi vina sheria zao

Kuna mtindo wa sekunde 30 za kukaza na 15 za kulegeza, unaorudiwa mara 13 mfululizo, kisha mapumziko, kisha seti nyingine mbili. Bent Rønnestad na wenzake wa Norwei waliuchunguza kwa waendesha baiskeli na kuuchapisha mwaka 2015, wakiulinganisha na vipindi vya dakika tano tano. Ule mfupi ulitoa maendeleo makubwa zaidi. Mjapani Izumi Tabata alikuwa amekwisha kuchapisha mwaka 1996 mtindo mkali zaidi, sekunde 20 kwa 10.

Kwa namna hii ya mazoezi, wastani hukudanganya hadharani. Ukikaza kwa wati 300 sekunde 30 na kulegeza kwa 150 sekunde 15, wastani wa seti nzima ni 250, namba ambayo hukuendesha nayo hata sekunde moja. Na kubonyeza kitufe kila baada ya sekunde 15 huku unahema ni kujitafutia ajali. Pakia ratiba kwenye kompyuta mapema, ikupigie kengele na kufunga raundi yenyewe. Ukishakuwa barabarani, tumia sekunde tano za kwanza kuifikia namba, kisha inua macho uangalie mbele. Hakuna wati zinazostahili kugongwa.

Wanaoendesha ndani kwenye mashine ya mazoezi wana jambo jingine. Mashine za kisasa zina hali ya kushika wati zenyewe: ukiweka 250, inakaza breki mpaka zipatikane 250. Raha yake ni kwamba hufikirii. Karaha yake ni kwamba ukichoka na kuzungusha polepole, mashine inakaza zaidi kufidia, wewe unapungua zaidi, nayo inakaza zaidi, mpaka pedeli zinakwama kabisa. Kwa vipindi vya sekunde chache mashine hizi nyingi pia hazibadiliki haraka vya kutosha. Hapo bora uizime hali hiyo uendeshe kwa gia.

Hizo 250 zilitoka wapi?

Kocha hakuziokota. Msingi wake ni kizingiti cha nguvu, ambacho kwenye kompyuta nyingi kimeandikwa kwa herufi tatu, FTP. Kwa kifupi ni wati za juu kabisa unazoweza kuzishika kwa takriban saa moja bila kuporomoka. Kwa kuwa hakuna anayependa kujitesa saa nzima kwa ajili ya kipimo, watu huendesha dakika 20 kwa nguvu zao zote na kuchukua asilimia 95 ya wastani wake. Wengine hupanda ngazi ya wati zinazoongezeka kila dakika mpaka washindwe, na kuchukua asilimia 75 ya dakika bora. Vyote ni makadirio. Mwenye misuli ya mbio fupi hupewa namba kubwa kuliko haki yake na vipimo vifupi, na atajua hivyo siku ya kwanza ya vipindi virefu.

Katika mgawanyo wa Andrew Coggan, mwanafiziolojia wa Marekani, kipindi cha dakika chache cha kupandisha uwezo wa juu wa oksijeni hufanywa kati ya asilimia 106 na 120 ya kizingiti. Rafiki yangu ana kizingiti cha 220, kwa hiyo eneo lake ni kuanzia 233 hadi 264. Tazama upana huo: ni zaidi ya wati 30. Aliyetoa 244 badala ya 250 hajakosea mazoezi. Bado yumo nyumbani.

Ni Coggan pia aliyebuni ile namba nyingine inayowachanganya watu, NP, ambayo kwenye rekodi huwa kubwa kuliko wastani. Wazo lake ni kwamba mwili haulipi wati kwa bei moja: dakika moja ya wati 300 na moja ya 100 inachosha kuliko dakika mbili za 200. Basi kompyuta inatuliza rekodi kwa wastani wa sekunde 30, inapandisha kila namba kipeo cha nne, inatafuta wastani wa hizo, halafu inashusha tena kwa kipeuo cha nne. Namba kubwa zinapata sauti kubwa. Safari ile ya 163, kwa hesabu hii, inafika 190 na ushee. Ukitaka kujua siku ilikuwa nzito kiasi gani, tazama hii. Kwa kupima kipindi kimoja cha dakika nne haifai.

Wala usidhani 163 ni namba ya bure. Hiyo ndiyo sahihi unapotaka kujua umetumia nishati kiasi gani, kwa sababu ndoo haijali bomba lilifunguliwaje. Wati 163 kwa saa moja ni kilojouli 587. Mwili wa mwendesha baiskeli hugeuza sehemu kama robo au moja ya tano tu ya nishati ya chakula kuwa kazi kwenye pedeli, nyingine inapotea kama joto. Na kwa kuwa kilokalori moja ni kilojouli 4.2 hivi, mambo mawili hayo karibu yanafutana. Kwa hiyo kilojouli 587 kwenye skrini ni kilokalori kama 590 zilizochomwa. Ni makadirio yanayoaminika kuliko yale ya saa za mkononi.

Hakikisha tu kwamba kompyuta imewekwa kuhesabu sifuri kwenye wastani wa wati. Muda unaoteleza bila kukanyaga ni muda pia. Ukiziondoa sifuri, wastani unavimba na kukupa sifa usizostahili. Kwa wastani wa mizunguko ni kinyume: huko sifuri huondolewa, maana unataka kujua unazungushaje unapozungusha.

Kulinganisha na jirani

Wati zako na zangu hazizungumzi mpaka uzito uingie. Wati 240 kwa mtu wa kilo 80 ni wati 3 kwa kila kilo. Kwa mtu wa kilo 60 ni 4, na mlimani huyu wa pili atampungia mkono yule. Kwenye tambarare mambo hugeuka, kwa sababu hewa haiulizi uzito, inauliza umbo. Ongeza hapo tofauti za vifaa tulizozitaja, na utaona kwa nini mabishano ya nani ana wati ngapi hayaishi.

Linganisha vipindi vyako vyenyewe kwa vyenyewe. Vipindi vitano vya 252, 251, 249, 244 na 221 vinaonyesha mtu aliyepanga vizuri na akakutana na mwisho wa uwezo wake kwenye cha tano. Vya 275, 258, 240, 226 na 205 vina wastani unaokaribiana sana na hivyo, 241 kwa 243, lakini huyo wa pili alipoteza siku yake kwenye kipindi cha kwanza.

Rafiki yangu hakuwa yeyote kati ya hao. Raundi zake zilisoma 252, 251, 249, 229, 248, na alikuwa ameshaamua kwamba kizingiti chake kimeshuka, wiki ijayo atafanya kwa 235. Mtu anayeishiwa kwenye cha nne hafufuki hivyo kwenye cha tano, kwa hiyo nikamwomba anitumie safu ya muda, si ya wati. Raundi ya nne ilikuwa ya dakika nne na sekunde arobaini. Alimaliza kipindi, akachukua chupa ya maji, akanywa huku akizungusha taratibu kwa wati mia hivi, ndipo akakumbuka kitufe. Dakika nne za 250 na sekunde arobaini za 100, gawanya kwa muda wote: 229.

Nikamwandikia airudishe 250, na maji anywe baada ya kubonyeza.